Je, Wajua? Pakiti ya Kilo 1 Yaweza Kuwa na Gramu 990

Kiwandani hakuna mashine inayojaza unga kwa uzito uleule kila mara. Mfuko mmoja huzidi gramu chache, unaofuata hupungua. Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya mwaka 1976 kuhusu bidhaa zilizofungashwa haidai kila pakiti itimie kikamilifu. Inadai wastani wa shehena nzima usipungue uzito ulioandikwa, na uzito huo ni wa unga wenyewe bila mfuko.

Wastani peke yake usingetosha. Mnunuzi hanunui shehena. Ananunua pakiti moja, na huenda ikawa ile nyepesi. Kwa hiyo kwa pakiti ya kilo 1, upungufu unaovumilika ni gramu 15. Zilizo chini ya gramu 985 zinaruhusiwa kuwa chache sana, takriban asilimia 2.5. Iliyo chini ya gramu 970 haistahili kabisa ile alama ya herufi ndogo “e” inayochapwa kando ya uzito. Naliona sharti hili la mwisho kuwa la haki kuliko yote.

Viwanda vingi hupitisha kila pakiti juu ya mizani iliyo kwenye mkanda unaotembea. Iliyo nyepesi husukumwa kando kwa hewa au kwa mkono wa chuma. Tanzania, ukaguzi wa bidhaa zilizofungashwa hufanywa na Wakala wa Vipimo.