Mfumo Funge na Mfumo Huria: Upi Ulio Salama Zaidi?

Katika mwambao wa Lindi, kama katika sehemu nyingine za Tanzania, kompyuta zimekwisha kuingia katika shughuli ambazo hapo zamani zilitegemea daftari na kalamu. Hesabu za wagonjwa, chanjo na uzazi ambazo wauguzi wa zahanati za Kilwa huziandika katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hatimaye huhifadhiwa katika hazina ya takwimu ya taifa kwa njia ya kompyuta. Wavuvi na wachuuzi wa Kivinje na Masoko hulipana kwa simu za mkononi. Huko Songo Songo husafishwa gesi asilia ambayo tangu mwaka 2004 hupelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Na mitambo ya aina hiyo, popote duniani, huongozwa kwa kompyuta.

Ni dhahiri, basi, kwamba mtu mwovu akiweza kuziingilia kompyuta hizo, hasara haitakuwa ya mtu mmoja. Ndiyo maana swali ambalo wataalamu wamelijadili kwa miaka mingi linawahusu pia wananchi wa Kilwa: je, usalama hupatikana zaidi katika mfumo ambao siri yake imefichwa na mwenye kuuunda, au katika ule ulio wazi kwa kila mtu kuukagua?

Mfumo endeshi ni nini?

Kila kompyuta, na kila simu ya kisasa, ina programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote. Hiyo ndiyo iitwayo mfumo endeshi. Kazi yake yafanana na ile ya mtunza ghala aliyekabidhiwa funguo zote: hakuna kiingiacho wala kitokacho pasipo idhini yake. Akihadaiwa yeye, ghala zima limo hatarini.

Programu huandikwa kwanza katika lugha maalumu ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo asilia. Baadaye msimbo hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambazo mashine huzifuata, lakini ambazo ni vigumu mno kwa binadamu kuzisoma. Kampuni yenye mfumo funge humpa mnunuzi tarakimu hizo tu na kuuficha msimbo. Mfano mashuhuri ni Windows ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Mfumo huria, kwa upande wake, hutolewa pamoja na msimbo wake, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mfano wake ni Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland.

Simu nyingi zitumiwazo nchini zina mfumo wa Android, ambao una sehemu za namna zote mbili. Kiini chake ni Linux, lakini makampuni huongeza juu yake programu zao wenyewe ambazo baadhi yake zimefungwa.

Hoja za pande mbili

Wateteao mfumo funge husema kwamba mwizi asiyeuona ramani ya nyumba hupata taabu kuiingia. Huongeza kwamba kampuni inayouza mfumo ina mafundi wa kudumu wanaolipwa, na mteja anamjua wa kumwendea mambo yakiharibika.

Wateteao mfumo huria hujibu kwamba siri ya namna hiyo haidumu. Hoja yao ina mizizi ya kale kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 1883 mtaalamu wa Kiholanzi, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba namna ya kuandika barua za siri za jeshi yapasa ibaki salama hata kama adui ameijua yote, madhali hajaupata ufunguo. Watu wa mwambao wanao mfano wa jambo hilo mbele ya macho yao. Ngome ya Gereza ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa na Waomani juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, ilionekana na kila chombo kilichoingia bandarini. Nguvu yake haikuwa katika kufichwa. Ilikuwa katika unene wa kuta, uimara wa mlango na kukesha kwa walinzi.

Ushahidi wa matukio

Kama mojawapo ya hoja hizo ingekuwa kweli tupu, matukio yangeithibitisha. Lakini matukio yameufundisha kila upande somo lake.

Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilianza kuenea katika kompyuta za Windows. Iliyafunga majalada ya wenyewe na kudai malipo. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Msimbo wa Windows ulikuwa umefichwa, lakini ufa uligunduliwa hata hivyo. Kwa maelezo ya Microsoft yenyewe, mbinu iliyotumika iliibwa kutoka katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba dawa ilikwisha tolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuwa wameitumia.

Upande wa pili nao una kisa chake. Mwezi Aprili 2014 kosa lililoitwa Heartbleed lilitangazwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika intaneti. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na hata hivyo kosa hilo lilikaa humo kwa muda wa miaka miwili. Kila mtu aliruhusiwa kuusoma. Waliousoma kwa makini walikuwa wachache mno, na wenye kuutunza walifanya kazi kwa uhaba mkubwa wa fedha.

Mwezi Machi 2024 hatari kubwa zaidi iliepukwa kwa tundu la sindano. Mtu asiyefahamika, aliyejipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili ya kujitolea, alipenyeza mlango wa siri katika XZ, programu ndogo ya kubana majalada itumiwayo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika mashine kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuridhika mpaka alipoijua sababu. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliweza kuufuata mpaka kwenye chanzo cha uovu, ingawa hakuwa mwenye programu hiyo. Uwazi ulimsaidia, lakini uwazi usingefaa kitu pasipo mtu mwenye elimu na bidii ya kuangalia.

Ufa na ukuta

Waswahili husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo ndio unaoeleza vyema zaidi yale yaliyojifunzwa. Usalama wa mfumo hautokani na siri wala uwazi peke yake. Hutokana na mambo matatu: kwamba yupo mtu wa kuutafuta ufa, kwamba yupo mwenye wajibu wa kuuziba, na kwamba dawa inamfikia mtumiaji kabla ya adui.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi kwa mwambao wa kusini. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini kote. Hata katika siku njema, mtu anunuaye kifurushi cha intaneti kwa fedha kidogo huona tabu kukitumia chote kupakua marekebisho ya simu yake. Aidha, watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huacha kuzitolea marekebisho baada ya miaka michache, ilhali simu hizo huendelea kubeba fedha za mwenyewe. Microsoft nayo ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 mwezi Oktoba 2025.

Hapa ndipo mfumo huria una faida iliyo wazi: kampuni ikiutupa mfumo wake, mteja hana la kufanya, lakini msimbo ulio wazi waweza kuchukuliwa na fundi mwingine na kuendelezwa. Faida hiyo, hata hivyo, haiji bila mafundi.

Tanzania imekwisha anza kuonja faida hiyo. DHIS2, programu inayopokea takwimu za MTUHA, ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuiendeleza. Mwaka 2004 chuo hicho pia kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Kwa hiyo ofisi, shule au zahanati inayotaka kununua kompyuta haina budi kuuliza maswali machache ya wazi. Nani atakayeurekebisha mfumo huu, na mpaka mwaka gani? Marekebisho yatafikaje hapa: je, yaweza kupakuliwa mara moja na kugawiwa mashine zote? Nani kati ya watumishi amefundishwa kuyaweka, na kutunza nakala ya kumbukumbu mahali pengine? Mfumo wowote usio na majibu ya maswali hayo, uwe funge au huria, ni mlango usio na mlinzi.