Mashine Isome Picha, Mwanadamu Abebe Amana

Katika visiwa vya Ukerewe na mialo ya wavuvi inayoizunguka Mwanza, kupata eksirei ya kifua ni jambo moja, na kumpata daktari bingwa wa kuisoma ni jambo jingine. Mabingwa wa radiolojia ni wachache nchini, na kimbilio la watu wa Kanda ya Ziwa ni hospitali ya rufaa ya Bugando. Mgonjwa husubiri, lakini kifua kikuu hakisubiri: kila siku ya kuchelewa ni siku ya kuwaambukiza walio nyumbani.

Hapo ndipo akili mnemba inapobisha hodi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu, kwa watu wenye miaka 15 na zaidi. Programu huipa picha alama. Anayevuka kiwango kilichowekwa hupelekwa kupimwa makohozi.

Tunaipokea neema hii. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na kuyagundua mapema ni katika kuifuata sababu. Hata hivyo, mgeni huandaliwa nyumba kabla hajaingia.

Andalio la kwanza ni kuipima programu kwa watu wetu. Kanda hii ina wachimbaji wa dhahabu, Geita na kwingineko, ambao vumbi la miamba huacha makovu katika mapafu yao. Makovu hayo, kama yale ya kifua kikuu kilichokwisha kupona, huweza kufanana na ugonjwa ulio hai. Programu iliyofundishwa kwa picha za watu wa mbali yapasa ijaribiwe kwanza hapa, na kiwango chake kirekebishwe, ndipo iaminiwe.

La pili ni vifaa na watu. Programu huhitaji picha za kidijitali, umeme wa uhakika, na mtaalamu wa mionzi aliyefunzwa kuikataa picha mbovu. Kwani picha iliyotikisika huzaa jibu lililotikisika.

La tatu, nalo ndilo zito, ni dhamana. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Mashine haina dhima, si mbele ya hakimu wala mbele ya Allah. Kwa hiyo kila jibu na liwe na saini ya mtu anayewajibika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Picha ya mwili wa Muislamu ni sehemu ya sitara yake, haifai kuzagaa.

Basi tunazinasihi familia ziulize kwa adabu: Nani ameisoma picha hii? Jibu la mashine limethibitishwa na nani? Picha itahifadhiwa wapi, na nani ataiona? Kuuliza si utovu wa heshima. Qur'ani imetuamrisha kuwauliza wenye ujuzi. Na hospitali inayoweza kuyajibu maswali hayo bila kusita, hiyo ndiyo iliyojiandaa.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na awape waganga wetu elimu yenye manufaa. Amin.