Kivuli cha Jumatatu ya Pasaka

Siku ya mwisho ya sikukuu ndefu haina shughuli yake yenyewe. Ijumaa Kuu ni ya ibada, Jumamosi ni ya soko na safari, Jumapili ni ya nyama na wageni. Jumatatu ya Pasaka hubaki mikono mitupu: mfuko umepwaya, watoto bado wamevaa nguo mpya, na kesho ni kazi. Sheria ya Kenya huzaa siku nyingine za namna hiyo, kwa kuwa sikukuu ya umma ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa mapumziko. Idd-ul-Fitr nayo hufuata mwandamo wa mwezi, na mara kwa mara hujikuta imeshikana na wikendi. Siku kama hizo mtu wa mjini huenda bustanini, maana hakuna matembezi mengine yanayomtoshea kwa nauli na pakiti ya njugu.

Isiolo haina bustani ya kuchapishwa kwenye kadi za posta. Mji huu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye miguu ya kaskazini ya Mlima Kenya, na anayeshuka kutoka Timau huona mashamba ya ngano yakikatika, sweta zikivuliwa, kisha miiba na vumbi. Mvua huja misimu miwili kwa mwaka, ikija. Kwa hiyo mapumziko ya hapa hufuata kivuli kabla ya kufuata maua. Kivuli chenyewe ni cha mgunga au mwarobaini, na panapopatikana, ni cha miti ya kando ya Mto Isiolo, ambao hutoka mlimani na kupita mjini kabla ya kuungana na Ewaso Nyiro. Mkeka hutandikwa, chupa ya chai huwekwa kwenye shina isianguke, sambusa hutolewa kwenye mfuko. Jua likisogea, kivuli husogea, na mkeka nao huburutwa kukifuata. Kufikia saa tisa alasiri familia imekwisha kuuzunguka mti nusu bila mtu kusema neno, isipokuwa mtoto aliyeachwa amelala juani na kuvutwa mguu.

Wengi wa Isiolo wanaosoma au kufanya kazi Nairobi hawaimalizii sikukuu nyumbani. Safari ni ya kilomita zipatazo 270, na anayengoja Jumatatu jioni hukuta magari yamejaa na nauli imepanda. Afadhali kuondoka Jumapili, ili Jumatatu ibaki ya kutembea jijini.

Bustani iliyo karibu zaidi na vituo vya magari ni ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, aliitoa kwa umma mwaka 1906, eneo la ekari 5 hivi, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyosimama humo hadi ilipoangushwa mwaka 2015. Siku za kazi hapo ni mahali pa wahubiri na wabishi wa siasa. Siku ya sikukuu mabenchi hushikwa na wenye mizigo wanaopisha muda. Mwaka 1991 bustani hiyo ilikaribia kugeuzwa jengo la kuegesha magari. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na miti ikabaki.

Uhuru Park ndiyo yenyewe kwa siku kama hii. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, na kwa miongo mingi mtoto wa mashambani aliyepelekwa Nairobi hakuhesabiwa kuwa amefika mpaka arudi na picha aliyopigwa hapo, nyuma kukiwa na bwawa la mashua au majengo ya jiji. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, na wafadhili wakajiondoa. Miaka mitatu baadaye kina mama wa wafungwa wa kisiasa walifanya mgomo wa kula kwenye kona moja ya bustani hiyo, ambayo tangu hapo huitwa Freedom Corner. Katiba mpya ilitangazwa rasmi humo tarehe 27 Agosti 2010. Hayo yote yalitokea kwenye nyasi ambazo Jumatatu ya Pasaka hukaliwa na watu wanaokula mahindi ya kuchoma.

Arboreta ya Nairobi ni tulivu zaidi na hutoza kiingilio kidogo. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, wakati ambapo gari la moshi lilikuwa likila misitu kwa kuni. City Park, upande wa Parklands, ina makaburi ya Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili. Lakini watoto hawaendi kwa ajili ya makaburi, huenda kwa ajili ya kima. Kima wa City Park humpanda mtu begani, akaukamata mkono uliofumbwa na kuufumbua kidole kimoja baada ya kingine mpaka aifikie njugu. Ikikosekana, humtazama mwenye mkono kama mdeni.

Pwani mambo ni ya jioni: Mama Ngina Waterfront ya Mombasa, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, na Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, ambako moshi wa mishikaki huja pamoja na upepo wa bahari.

Tofauti ya miji hii na Isiolo si mvua peke yake. Jeevanjee na Uhuru Park zipo kwa sababu kila zilipotaka kumegwa, mtu alikataa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la bustani na maeneo ya burudani, na Isiolo inakua haraka: barabara ya lami imefika Moyale, na mradi wa miundombinu wa LAPSSET umeipangia hata mji wa kitalii. Kiwanja kisichotengwa leo, kesho kina ukuta.

Wazo la kuacha ardhi bila kuigusa si geni hapa. Kwa Waborana wa Isiolo, wazee wa dedha ndio husimamia malisho, na sehemu nyingine huwekwa akiba kwa kiangazi. Atakayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hupigwa faini. Bustani ya mji ni malisho ya akiba ya aina hiyo hiyo, ila wanaolishwa ni watu.

Kiwanja kikishatengwa, kupanda ndiko kwenye kazi. Mti unaokua upesi bila kutunzwa ni wa kuogopwa: mathenge uliletwa ukame uzuiwe, ukageuka kichaka cha miiba, na wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali walipeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mwarobaini ni salama zaidi, ila hutaka uzio wa miiba dhidi ya mbuzi, na maji katika miezi yake ya kwanza. Wenye uzoefu huchukua chupa ya plastiki, huitoboa kitako kwa msumari, huifukia ubavuni mwa mche shingo ikiwa juu, na huijaza kila baada ya siku chache ili maji yateremke polepole kwenye mizizi. Mche ukisalimika, baada ya miaka kama mitano hutoa kivuli cha mkeka mmoja.