Wakazi Wanapoalikwa Kukipa Kivuko Jina

Katika somo la majina huwa tunafundisha kwamba jina ni mali ya jamii. Je, jamii ikiulizwa, kauli yake huheshimiwa? Tutazame Sydney, Australia, ambako serikali ya jimbo iliwaalika wakazi wapendekeze majina ya vivuko sita vipya. Vitatu vilipewa majina ya madaktari. Wawili kati yao, Catherine Hamlin na Fred Hollows, wanakumbukwa Ethiopia na Eritrea, si mbali nasi. Viwili vikaitwa Pemulwuy na Bungaree, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Cha sita, Novemba 2017, kikaitwa Ferry McFerryface, mzaha ulioigwa kutoka kura ya meli moja ya Uingereza mwaka 2016. Kwa kuwa "Mc" ni "mwana wa", labda sisi tungesema Feri bin Usoferi!

Mzaha hautuudhi. Linalotuudhi ni kwamba waziri alidai ndilo chaguo la wananchi, kumbe, kama ilivyofichuka Januari 2018, lilipata kura 182 tu. Kivuko kikabadilishwa jina, kikaitwa May Gibbs, mwandishi wa vitabu vya watoto.