Ramani ya Dhana na Ufafanuzi wa Mada ya Utafiti: Mfano wa Kiswahili cha Tala

Aghalabu mtafiti anapoulizwa anachunguza nini, hujibu kwa kutaja jina: "Kiswahili cha Tala", mathalani. Jina hilo halijasema jambo. Kihusishi -a huweza kubeba maana tatu: Kiswahili wanachokisema wenyeji wa Tala, Kiswahili kilichopata sura yake hapo, au Kiswahili wanachopatania wenyeji na wageni katika soko la hapo. Kila maana ni utafiti wa peke yake.

Ramani ya dhana hufichua utata huo. Joseph Novak na wenzake waliibuni mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ili kufuatilia jinsi watoto walivyozidi kuielewa sayansi. Swali elekezi huandikwa juu. Dhana hutiwa katika visanduku, zilizo pana juu na zilizo mahususi chini. Kisha huunganishwa kwa mishale. Kila mshale hapana budi uwe na maneno yake, hata dhana mbili na kiungo chao zisomeke kama sentensi kamili. Hapa -a haitoshi; kitenzi chatakiwa.

Tala ni mji wa soko katika Kaunti ya Machakos, penye wasemaji wengi wa Kikamba. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Mtafiti akiandika kwamba irabu za Kikamba "huathiri" matamshi ya Kiswahili, amejifunga kurekodi sauti. Akiandika kwamba mwuzaji "huchagua" lugha kwa kumtazama mnunuzi, amejifunga kushuhudia biashara yenyewe. Mshale ukivuka kutoka tawi moja hadi la pili, huzuka swali jipya: je, mwuzaji hubadili hata matamshi yake kwa kadiri ya mnunuzi? Swali hili halikuonekana katika jina la mada.

Mshale uliokosa kitenzi nao una faida, kwani ndipo penye jambo lisilojulikana, na pengine ndipo utafiti uanzie.

Hivyo basi, yafaa msimamizi adai ramani kabla ya pendekezo la utafiti. Pasipo hiyo, mwanafunzi huweza kurudi kutoka Tala na saa nyingi za mazungumzo yaliyorekodiwa, yasiyojibu swali lolote.