Mfalme Aliyesimama Pekupeku Getini

Kwanza mjue habari za mvulana aliyejitosa mtoni. Mwaka 1062 Heinrich wa Nne, mfalme wa Wajerumani, alikuwa na miaka 11. Ndiyo, mfalme. Baba yake alifariki yeye hajatimiza miaka sita, na mama yake ndiye aliyekuwa akimshikia ufalme. Siku moja, kando ya Mto Rhine, Askofu Mkuu Anno wa mji wa Köln alimwalika aje kuona chombo chake kilichopambwa vizuri. Mtoto akapanda. Hata hajakaa sawasawa, wapiga makasia wakaanza kazi na ufuko ukaachwa nyuma. Heinrich akatambua kwamba anatekwa, akajirusha majini. Mkuu mmoja aitwaye Ekbert akamfuata, akamwokoa asizame, kisha akamrudisha palepale chomboni. Aliyekuwa na mtoto mkononi ndiye aliyekuwa na ufalme, na sasa mtoto alikuwa kwa askofu.

Mtaniuliza: askofu na utekaji wapi na wapi? Swali zuri, maana ugomvi wote ninaowasimulia umetoka hapo. Ujerumani ya zama zile, askofu hakuwa mtu wa sala tu. Alikuwa na ardhi, vijiji, ushuru, na askari wa farasi aliowapeleka vitani mfalme alipoita. Tena mwenye cheo wa kawaida akifa, mwanawe alidai kurithi. Askofu hakutakiwa kuwa na mrithi, basi akifa, kiti kilibaki wazi na mfalme akamkalisha mtu wake. Siku ya kumsimika, alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe pete na fimbo ya kichungaji. Wapo waliotoa fedha ili wapewe.

Kule Roma, mwaka 1073, alichaguliwa Papa asiyeweza kuvumilia jambo hilo. Jina lake la kuzaliwa Hildebrand, jina la upapa Gregori wa Saba. Kwake, pete na fimbo ni alama za kuchunga roho za watu. Mlei, hata awe na taji, anazigawaje? Mwaka 1075, katika daftari la barua zake, ziliandikwa kauli 27 kuhusu mamlaka ya Papa. Mojawapo ilisema Papa anaweza kumwondoa Kaisari madarakani. Hebu fikirini: miaka 29 tu nyuma, mwaka 1046, baba yake Heinrich ndiye aliyekuwa akiwaondoa na kuwaweka mapapa.

Cheche iliwaka Milan, Heinrich alipomsimika askofu wake. Papa akamwandikia barua ya kumwonya. Mfalme, kijana wa miaka 25 mwenye damu ya moto, Januari 1076 akawakusanya maaskofu wake mjini Worms, wakatangaza kwamba Gregori si Papa tena. Barua aliyompelekea ilimwita Hildebrand, kavukavu.

Mwezi uliofuata Gregori alijibu kwa kumtenga Heinrich na Kanisa, na kuwafungua watu wote kiapo cha utii walichomwapia. Hapo ndipo penye uchungu. Ufalme wa siku zile ulisimama juu ya viapo, na wakuu waliokuwa wakitafuta sababu ya kuasi, hasa wa Saxony, sasa walikuwa nayo. Oktoba wakampa sharti: usipoondolewa adhabu kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu utengwe, hatukutambui. Tena wakamwita Papa aje Augsburg kuamua kesi yao.

Heinrich hakungoja kesi. Katikati ya majira ya baridi kali alivuka milima ya Alps na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo. Mtawa Lambert, mwandishi wa zama hizo ambaye wala hakumpenda mfalme huyo, anasimulia kuwa wanaume waliteremka kwa kutambaa, na malkia na wanawake wenzake wakaketishwa juu ya ngozi za ng'ombe, wakaburutwa kwenye barafu hadi chini.

Gregori, aliyekuwa njiani kwenda Augsburg, alidhani mfalme amekuja na jeshi, akajificha Canossa, ngome ya bibi mtawala mwenye nguvu aitwaye Matilda. Tarehe 25 Januari 1077 Heinrich akafika getini, pekupeku, bila taji, amevaa vazi la sufu la mtu anayetubu. Siku tatu akasimama nje akilia na kuomba. Mle ndani Matilda alimwombea, na Abati Hugh wa Cluny, baba wa ubatizo wa Heinrich, naye pia. Gregori mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu walimlaumu kwa ugumu wa moyo. Mwishowe akafungua, akamwondolea adhabu.

Wengi husimulia kisa hiki kama aibu ya mfalme. Mimi naona kijana yule alipiga hesabu kali. Kule Augsburg Gregori angekuwa hakimu. Pale getini alikuwa padri, na padri hamfukuzi mwenye kutubu.

Hata hivyo wakuu walimchagua mfalme mwingine, Rudolf, Machi ya mwaka uleule. Mwaka 1080 Papa akamtenga Heinrich tena, na safari hii si wengi walioshtuka. Rudolf alikatwa mkono wa kulia vitani akafa. Watu wakasema ndio ule aliomwapia Heinrich. Mwaka 1084 Heinrich aliingia Roma na Papa wake mwenyewe, akavikwa taji la Kaisari. Gregori akafa uhamishoni Salerno mwaka uliofuata.

Msimpigie Heinrich makofi bado. Mwanawe mwenyewe alimpokonya ufalme, naye akafa mwaka 1106 akiwa bado ametengwa. Jeneza lake likakaa Speyer miaka mitano kabla ya kuzikwa kanisani.

Mwana huyo, Heinrich wa Tano, ndiye aliyepatana na Papa Calixtus wa Pili mjini Worms mwaka 1122. Pete na fimbo zikawa za Kanisa kutoa. Ardhi na madaraka ya kidunia yakatolewa na mfalme, kwa fimbo yake ya enzi. Maaskofu wa Ujerumani wangechaguliwa na Kanisa, ila mfalme awepo chumbani kura zikipigwa. Aliyependwa na mfalme hakupata shida sana kushinda.