Sitiari ya Kutuma: Ushirikiano wa Watu na Kompyuta katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Kompyuta haionyeshi kazi yake. Mtu anayeiamuru hulazimika kuifikiria kwa mfano wa kitu anachokijua tayari, na mfano huo ndio unaomwelekeza afanye nini mwenyewe na aiachie mashine nini. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980, walieleza kwamba sitiari si pambo la lugha tu bali ni msingi wa kufikiri na kutenda. Mwaka uliofuata ilitolewa kompyuta ya Xerox Star, ambayo kioo chake kilipangwa kama meza ya ofisi yenye nyaraka na majalada. Macintosh ya mwaka 1984 ikaueneza mfano huo. Bila shaka mfano huo ulimfaa karani. Swali ni kama unamfaa pia mtu asiyepata kuketi ofisini.

Jibu mojawapo lilipatikana Nairobi. Katika mitaa ya Eastlands, tangu Kaloleni hadi Dandora, kompyuta iliyozoeleka na wengi ni ile iliyojificha nyuma ya simu ya mkononi. Oktoba 2005 yalianza majaribio ya M-Pesa katikati ya jiji, Mathare na Thika, yakiwa na mawakala wanane tu. Shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo yao. Lakini wateja waliigeuza shabaha hiyo: walipelekeana fedha wao kwa wao, na wengine wakaitumia huduma kama kasha la kuhifadhia fedha. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wazo lililotangulizwa lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo watumiaji ndio waliomfundisha msanifu sitiari iliyofaa.

Kutuma kulikuwa na kanuni zake kabla ya simu. Mkazi wa Makongeni aliyetaka kupeleka fedha kijijini alimkabidhi ndugu au utingo wa basi, akamtajia mpokeaji, kisha akangoja habari kwamba amana imefika. Kanuni hizo zimo katika M-Pesa: mtumaji humtaja mpokeaji kwa namba yake ya simu, huthibitisha kwa namba ya siri, na pande zote mbili hupata ujumbe. Mashine hutunza hesabu. Wakala hupokea noti, hukagua kitambulisho na kumwelekeza mgeni. Maneno yenyewe yana funzo. Kutokana na kitenzi tuma yamezaliwa mtume, mtumwa, mtumishi na tumia. Mtumiaji wa mashine, kwa asili ya neno, ana ujamaa na mtumaji. Naye anayetuma hutarajia kutiiwa, lakini pia hutarajia kuulizwa pale agizo linapotia shaka.

Hapo ndipo sitiari ilipopwaya. Tarishi mwenye busara akitajiwa jina asilolitarajia husita, mashine haikusita. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto humfikia mtu baki kwa kufumba na kufumbua. Baadaye iliongezwa hatua iitwayo Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusimamisha agizo. Mashine ilifunzwa desturi ya mjumbe mwema: kuuliza kabla ya kuondoka.

Hata hivyo, sitiari inayomsaidia mtumiaji yaweza pia kumfumba macho. Mkopo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi, jina la pwani lililokita hata kwa watu waishio mbali na bahari. Jina hilo humtaja mwokozi. Halitaji ile asilimia 10 inayokatwa. Mwaka 2019 ilikuja Fuliza, inayomwezesha mtu kukamilisha malipo hali salio lake halitoshi. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Neno hilo latoa picha ya mwendo usiokatika, ilhali kinachoendelea ni deni lenye ada, ambalo hufidiwa mara fedha zinapoingia. Kitenzi kopa kingemwambia mnunuzi wa unga dukani jambo hilo waziwazi, maana wahenga walikwisha kuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi, kuchagua neno la kuandikwa kwenye kioo cha simu si kazi ya kutafsiri tu, wala si ya mhandisi na mtangaza biashara peke yao. Neno hilo hugawa kazi kati ya mtu na mashine, na huamua ni nani atakayejua gharama kabla ya kubonyeza. Mwanaisimu anayelipima hana budi kuuliza sitiari inaonyesha nini, na pia inaficha nini. Mfano wa kutuma ulidumu kwa sababu wenyeji waliujua tangu zamani, na ulipopungukiwa uliongezewa swali. Fuliza nayo yastahili kupimwa kwa kipimo hichohicho.